Mkia wa Kuku wa Zunilda

Mbweha alinibakizia jogoo mmoja tu wa kollonka, kuku wetu wasio na mkia. Kizazi hicho niliachiwa na mama, na jogoo mwenyewe anazeeka. Nisipompatia tetea halisi, kimekwisha. Ndiyo maana nilikwenda kwenye trafkintu, siku yetu ya kubadilishana mbegu na mifugo bila pesa, nikimvuta kondoo jike mwenye mimba.

Jirani yangu Zunilda Curiqueo alimtolea macho kondoo kabla hajanisalimu mimi. Mbele yake palikuwa na tetea mweusi kikapuni na bakuli la mayai ya buluu.

"Karibu, dada! Kollonka mtupu huyu. Ona mayai yake."

"Mayai nimeyaona. Aliyeyataga ndiye simjui."

"Umeanza! Wewe hata padri akikubariki utamwomba kitambulisho."

Waliokuwa karibu wakitafuna maandazi ya sopaipilla wakacheka. Wacheke. Chotara naye hutaga buluu, au kijani. Rangi ya yai pekee hainipi kuku.

Nilimtoa tetea kikapuni nikampapasa nyuma. Kollonka halisi huishia mviringo kama ngumi, hana kifupa cha mkia. Kidole changu kilikuta kifupa kinacheza, na vishina vya manyoya vikanichoma.

"Huyu amenyonyolewa mkia, Zunilda."

"Mbwa ndiye aliyemng'oa."

"Mbwa fundi kweli, hakuacha hata kovu."

Nikashusha kidole kwenye nyonga. Mifupa ilikuwa imebana, kidole hakipiti.

"Tena hajawahi kutaga. Mama wa haya mayai yuko wapi?"

Zunilda akafunika bakuli kwa kitambaa. "Nyumbani. Yule simtoi."

"Hana mkia?"

"Hana, tangu alipoanguliwa."

"Kwa hiyo ulijua unachonipa."

Akamtazama kondoo. "Wangu wamekufa wote, dada. Sina hata sufu ya kufumia."

Ningeweza kupiga kelele hadi ng'ambo ya mto wakanisikia. Lakini kelele haziangui vifaranga.

"Kondoo narudi naye," nikasema. "Mwanakondoo akizaliwa ni wako. Mimi nipe mayai ya kuatamiwa."

"Chukua haya basi, yana mbegu ya jogoo."

"Kwanza twende kwako nikampapase mama yao."

"Yaani huniamini?"

"Sikuamini. Beba bakuli, twende."