Kusubiri Majibu Nyumbani Kirumba

Evelina alifanyia usaili wake sebuleni kwa baba yake, Kirumba, kwa sababu Mkolani, alikopanga chumba, umeme ulikuwa ukikatika hovyo wiki ile. Alikuwa mwalimu wa biolojia katika sekondari moja ya Buhongwa, na alikuwa ameomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya sayansi ya maji katika chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam. Maprofesa watatu walimhoji kupitia kompyuta. Walimuuliza kuhusu magugu maji, kuhusu sangara, na kwa nini mtu mwenye ajira ya serikali anataka kurudi darasani. Baba yake, mzee Ndalahwa, alikaa jikoni muda wote bila kugusa hata kikombe, asije akapiga kelele.

Mwishoni mwenyekiti wao alimwambia kwamba majibu yangetoka ndani ya wiki tatu. Kesho yake Evelina akawaandikia barua pepe fupi ya shukrani. Hakujibiwa, na wala hakutegemea kujibiwa.

Wiki ya kwanza ilipita vizuri. Ya pili akaanza kuamka na simu mkononi. Hamu ya chakula ikapungua, na darasani akawa anarudia swali alilokwisha kuuliza. Nestory, mwalimu mwenzake, aliliona hilo.

"Unakaa tu hivyo?" alimuuliza ofisini. "Nchi hii usipofuatilia hupati kitu. Nina mtu wa kunipatia namba ya yule profesa mwenyekiti. Mpigie."

"Walisema wiki tatu, Nestory."

"Wenzako wanapiga sasa hivi tunavyoongea."

Maneno yale yalimkaa moyoni. Jumapili alipokwenda Kirumba, namba ya profesa ilikuwa tayari kwenye simu yake. Alimkuta baba yake kibarazani, ameelekeza kiti upande wa ziwa. Kwenye uwanja wa mpira wa jirani kulikuwa na mechi, na kelele za mashabiki zilikuwa zikipanda hadi kwenye mawe ya nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu." Ndivyo alivyomwita tangu utotoni, kwa Kisukuma, yaani mama, kama mtu anavyomwita mama yake mzazi. "Mbona uso umekushuka?"

Evelina akamweleza yote, pamoja na ile namba. Mzee akacheka polepole. Kicheko kile Evelina hakuwa amekisikia tangu mama yake, Wilhelmina, alipofariki.

"Mama yako alikwambia tulivyokutana?"

"Alisema mlikutana chuoni."

"Yeye ndiye alikuwa chuoni. Mimi nilikuwa nasumbua watu."

Akaanza kusimulia. Alikuwa kijana, ametoka Magu na shati moja la maana, amefanya usaili wa kuingia chuo kimoja cha ufundi upande wa Nyegezi. Waliambiwa majibu yangebandikwa mwisho wa mwezi. Yeye hakuweza kungoja. Siku chache tu baadaye alikwenda kuuliza kama vyeti vyake vilifika. Akarudi tena kuuliza kama vilifika vyote. Mara ya tatu akasema amesahau mwavuli, na mwavuli hakuwa nao. Kila alipokwenda alimkuta dirishani msichana mmoja mpiga chapa, ambaye vidole vyake havikusimama hata alipokuwa akiongea.

"Siku ile ya mwavuli ndiyo alisimamisha mashine," mzee alisema. "Akaniambia, 'Kaka, hapa wamesema mwisho wa mwezi. Ukija kabla, hawana cha kukwambia, unawapa tu sababu ya kukuchoka. Mwezi ukiisha, waache siku mbili tatu wapumue, halafu uje. Taja jina lako, uliza unachouliza, nenda zako.'"

"Ukamsikiliza?"

"Sikumsikiliza. Nilikuwa sijui tena ninachofuata ni majibu au ni yeye."

Mwezi ulipoisha, Wilhelmina alimwona akija kutoka mbali. Akatoka ofisini, akamfuata chini njiani, akamweleza mwenyewe kwamba jina lake halimo, ili asije akalikosa ubaoni mbele ya wenzake wanaoshangilia.

"Ulilia?" Evelina aliuliza.

"Nilimuuliza kama Jumamosi anafanya kazi."

Yaliyofuata Evelina aliyajua. Mzee alipata kazi bandarini, wakaoana, na chuo kile kikaja kufungwa. Evelina alimkumbuka mama yake akigonga meza kwa vidole akiwa anawaza, kama vile anachapa barua isiyoonekana. Alikumbuka asubuhi za likizo walipokuwa wakiteremka pamoja hadi soko la Mwaloni kununua dagaa, mama akiomba kuonja kabla ya kupima, wauzaji wakimtania kwa jina.

"Kwa hiyo nisubiri?"

"Mimi sijui, mayu. Mimi nilisumbua na chuo sikupata. Lakini yeye alikaa upande ule wa dirisha miaka mingi."

Jioni ile Evelina aliifuta namba ya profesa. Nestory alipomuuliza, alimjibu kwamba ameamua kungoja, na Nestory akatikisa kichwa.

Wiki ya tatu iliisha Ijumaa, kimya. Jumatatu alijizuia, na Jumanne pia. Jumatano asubuhi, kabla ya kengele, aliandika kwa ofisi ya masomo ya uzamili, wala si kwa profesa mwenyewe: jina lake, programu aliyoomba, tarehe ya usaili, kwamba bado anaihitaji nafasi, na kama wangeweza kumwambia majibu yanatarajiwa lini. Akamaliza kwa asante. Alisoma mara moja tu, akatuma, akaingia darasani.

Jibu lilikuja siku ileile mchana. Ofisi iliomba radhi kwa kuchelewa. Mmoja wa wasaili alikuwa ameugua. Evelina alikuwa kwenye orodha ya akiba, na wangemjulisha kabla ya mwisho wa mwezi uliofuata. Iliuma. Lakini sasa alijua anangoja nini na hadi lini, na hilo lilimrudishia usingizi. Hakuuliza tena.

Habari ilimfikia akiwa anasahihisha mitihani: mmoja aliyechaguliwa amejitoa, nafasi ni yake kama bado anaitaka. Alikwenda Kirumba kumwambia baba yake ana kwa ana. Mzee aliomba asomewe ujumbe ule, kisha asomewe tena.

Mwaka wa masomo ulipoanza, mhadhiri alitandaza ukutani ramani ya Ziwa Victoria. Evelina aliiona ghuba nyembamba inayoingia kusini, na ukingoni mwake, kwenye nukta isiyo na jina, Kirumba. Wenzake walikuwa wanaandika. Yeye alisikia harufu ya dagaa wakianikwa juani, akaona mkono wa mama yake ukiteua mmoja na kumpa aonje, na kwa dakika kadhaa hakusikia neno la mhadhiri.