Uso wa Mama Mkwe

Antipasi alikuwa juu ya ngazi mjini Singida, anamalizia kuchora ua la alizeti kwenye ukuta wa duka la mafuta ya kula, simu ilipoita. Alikuwa shemeji yake Fredrick, kaka wa mke wake. Fredrick anafanya kazi Dodoma, katika ofisi yenye viyoyozi, na huongea na simu kama anahutubia mkutano.

"Shemeji! Mama anatimiza miaka sabini. Tunafanya ibada ya shukrani nyumbani Kinampanda, mchungaji ameshakubali. Sasa sisi watoto tumeona tumpe picha. Si ya simu, hapana. Ya kuchorwa, kubwa, ya kutundika sebuleni. Na mchoraji tunaye humuhumu ndani, tuhangaike kutafuta mwingine wa nini?"

"Hamna shida, shemeji," Antipasi akajibu haraka, maana brashi ilikuwa inamdondoshea rangi ya njano kwenye kiatu.

Alipofika chini ndipo akili ikamrudia. Akakaa juu ya ndoo ya rangi. Amemwoa Editha miaka mingi, mtoto wao wa kwanza Gaspari ameshaanza sekondari, na katika miaka yote hiyo hajawahi kumtazama mama mkwe wake usoni.

Si kwamba wamegombana. Ni heshima. Kwao Antipasi huko Ikungi, na kwao Editha huko Iramba, mkwe na mama mkwe hawatazamani. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini, mwingine anapita. Vijana wengi wa sasa wameachana na hayo, wanapiga selfi na mama wakwe zao huku wamekumbatiana, lakini huyu wa Kinampanda, ambaye kijiji kizima kinamwita Mama Fredrick, si mtu wa selfi. Antipasi alikuwa akifika pale anachuchumaa mbali, anatazama chini, anasema "Shikamoo, Mama," na sauti nzito inamjibu "Marahaba" kutoka upande wa jikoni. Alichokijua kwake ni hiyo sauti, pindo la kitenge, na nyayo mbili ndani ya kandambili za bluu. Nyayo hizo angeweza kuzichora amefumba macho. Lakini nani anatundika nyayo sebuleni?

Jioni akamweleza mke wake. Editha alikuwa anachambua mlenda, akacheka mpaka akauweka ungo chini.

"Baba Gaspari, ulivyokubali ulikuwa unafikiria nini?"

"Nilikuwa nafikiria kiatu."

Fredrick akatuma picha ya kwenye simu, ili kurahisisha kazi. Alikuwa ameipitisha kwenye ile mitambo ya kung'arisha sura. Mama wa watu alitoka mweupe, laini, hana kunyanzi hata moja, macho makubwa kama ya ndama. Chini yake Fredrick ameandika, "Umchore hivi, shemeji, apendeze." Antipasi akajifungia kibandani kwake, akaichora kama ilivyokuja. Ilipokauka akamwita Editha.

Editha akaitazama, akainamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto.

"Huyu ni nani?"

"Mama yako."

"Mama yangu mzima. Huyu ni marehemu amepakwa poda."

Ikabidi waende Kinampanda. Walipanda basi asubuhi, wakashuka, wakamalizia na bodaboda, Antipasi amebeba karatasi na penseli zake ndani ya mfuko wa sandarusi kama mtu anayepeleka mbegu. Aliyewapokea uani alikuwa Mjomba Leonidas, kaka yake Mama Fredrick, mzee mwembamba anayependa maneno na anayependa nyama, na siku hiyo alijiteua mwenyewe kuwa mpatanishi.

Mpango wake ulikuwa hivi. Kitenge kitatundikwa kwenye kamba uani. Mama Fredrick atakaa upande ule na karanga zake za kubangua, Antipasi atakaa upande huu na penseli. Maswali yatapita kwa mjomba, majibu yatapita kwa mjomba, na heshima ya mtu haitaguswa.

"Mjomba, naomba umuulize Mama, uso wake ni wa duara au mrefu?"

Kitenge chenyewe hakikuwa ukuta. Kila neno lilisikika. Hata hivyo mjomba akageuka, akakohoa, akasema, "Mkwe wako anauliza uso wako ni wa duara au mrefu."

"Mwambie ni uso wa mtu anayekula," ikajibu ile sauti nzito. "Na asinikondeshe! Fredrick alinionyesha kwenye simu, amenifanya kama mgonjwa wa kifua. Watu wataingia sebuleni watasema watoto wangu hawanilishi. Shingoni nina mikunjo mitatu, yote aiweke. Baba yao alinioa kwa ajili ya hiyo mikunjo."

"Anasema yeye ni mnene kiasi," mjomba akatafsiri.

"Nimesikia, mjomba. Na pua?"

"Pua ni ya marehemu baba yangu," sauti ikasema.

"Baba yake alikuwa na pua nzuri sana," mjomba akaongezea ya kwake. "Akipiga chafya, ng'ombe wanasimama."

Antipasi akachora. Akafuta, akachora tena. Alichora mikunjo, alichora pua ya kusimamisha ng'ombe, alichora mashavu ya mtu anayekula. Mjomba akaichukua karatasi, akaipitisha juu ya kitenge. Karanga zikaacha kubanguliwa.

"Mwambie," sauti ikasema taratibu, "kwamba huyu ni mwenyekiti wetu wa kijiji. Amevaa kilemba tu."

Editha, aliyekuwa jikoni, akakimbilia nyuma ya nyumba ili acheke kwa uhuru.

Ndipo Mjomba Leonidas akamvuta Antipasi pembeni, karibu na banda la kuku. "Mwanangu, kuchora kunataka macho. Hili la kitenge halitatufikisha. Lakini wazee hawakuwa wajinga. Kulikuwa na mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Wa kufungua uso. Zamani mama mkwe akiugua, hana mtu karibu ila mkwe wake, watamwacha afe kwa sababu ya haya? Mkwe anatoa mbuzi na blanketi, haya inasogezwa pembeni, watu wanatazamana."

Antipasi hakujua kama mbuzi huyo alikuwa ndani ya desturi au ndani ya hamu ya mjomba. Wazee wengine wa jirani walipoulizwa nao walikubali, tena walikubali upesi sana. Basi juma lililofuata akarudi na beberu mweusi na blanketi la maua. Mbuzi akachinjwa, mjomba akasema maneno machache ya Kinyiramba, kichwa akakichukua yeye kama malipo ya ushenga, na kitenge kikashushwa kwenye kamba.

Mama Fredrick alikuwa amekaa kwenye kiti, blanketi mabegani ingawa jua lilikuwa kali. Antipasi alikuwa amekaa mbele yake, penseli mkononi, anatazama kandambili za bluu.

"Baba Gaspari," sauti ikamwambia, mara hii bila kupitia kwa mtu. "Inua uso. Sing'ati."

Shingo ilikataa. Aliwahi kupanda juu ya paa la kanisa kuchora msalaba, upepo unavuma, na hakusita. Leo alisita. Akainua macho hadi magotini, akapumzika hapo. Akainua hadi mikononi. Akapumzika tena. Kisha akainua yote.

Kwanza aliona paji la uso la Editha. Lilikuwa lilelile, limewekwa juu ya uso wa mtu mwingine, na hilo lilimshtua. Kwa ile sauti yake siku zote alimdhania mama mrefu, mkali. Kumbe ni mama mfupi, wa duara, ana kovu dogo kidevuni na macho yanayocheza kama ya msichana. Na macho hayo nayo yalikuwa yanamtazama. Antipasi hakuwa amewaza jambo hilo kabisa. Muda wote yule mama naye alikuwa anatazama chini. Naye alikuwa hajamwona.

Mama Fredrick alikaza midomo kama mtu aliyeweka maji mdomoni. Akavumilia kidogo. Halafu ikamponyoka.

"Mama yangu! Kumbe una masikio makubwa hivi!"

Hata mjomba aliacha kutafuna.

"Miaka yote hii Editha hajaniambia," Mama Fredrick akaendelea, na sasa mabega yalikuwa yameanza kutikisika. "Anakuja hapa, analeta sukari, analeta sabuni, hasemi kama mume wake ana masikio ya namna hii."

"Na mimi hajaniambia kama Mama una mwanya," Antipasi akasema, na akashangaa kusikia ni yeye aliyesema.

Basi mama akacheka. Hakucheka kwa sauti nzito ile ya jikoni. Kilikuwa kicheko chembamba, cha juu, kichwa amekirusha nyuma, mwanya nje, blanketi limeanguka, mkono mmoja unatafuta pindo la kitenge ili azibe mdomo na haulipati. Antipasi akacheka pia, huku penseli inakwenda yenyewe. Hajawahi kuchora kwa kasi hiyo. Walipotulia, wote wawili waliona aibu, mama akaenda kuangalia nyama na Antipasi akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu. Lakini uso alikuwa nao kwenye karatasi.

Alirudi Singida, akauhamishia kwenye kitambaa kikubwa kwa rangi ya mafuta. Editha akaja kuuona. Alisimama mlangoni, akashika kiuno, kisha akaenda kupika. Baadaye akamwekea mumewe paja la kuku, tena lile la kwanza kabla ya watoto.

Siku ya ibada nyumba ya Kinampanda ilijaa. Turubai lilifungwa, kwaya iliimba, mchungaji alihubiri, pilau ikanukia mpaka barabarani. Fredrick alikuja na suti na wenzake wawili wa ofisini. Ulipofika wakati wa zawadi, watu wakajazana sebuleni, na Fredrick akavuta shuka lililofunika picha, kwa madaha, na madaha hayo yakamganda mkononi.

Watu wakasogea kutazama.

"Shemeji," Fredrick akasema kwa sauti ya chini, akitabasamu kwa ajili ya wageni, "Mama hachekagi."

"Alicheka, shemeji."

"Lini? Mimi nimelelewa na huyu mama. Alitulea kwa jicho tu, akikutazama unaacha ulichokuwa unafanya. Huyu hapa meno yote nje, kichwa nyuma, kama yuko kwenye ngoma! Mchungaji yupo, wageni wapo. Mtu wa miaka sabini anapigwa picha ametulia, amekaza uso. Hata baba pale ukutani amekaza."

Ni kweli. Marehemu baba yao, kwenye fremu juu ya kabati, alikuwa amekaza uso kana kwamba mpiga picha alikuwa amekuja kukamata ng'ombe wake. Wazee wa kiume wakaanza kukubaliana na Fredrick. Kwa wanawake wa kwaya mambo yalikuwa mengine. Mmoja aliguna, wa pili akazuia kicheko kwa kitabu cha nyimbo, na bibi mmoja mkongwe nyuma kabisa, ambaye hakuna aliyedhani anaona vizuri, akapiga kigelegele kirefu.

"Huyo ndiye!" akasema. "Huyo ndiye tuliyekuwa tunachota naye maji!"

Mama Fredrick akainuka. Watu wakampisha. Akasimama mbele ya picha, karibu, kama mtu anayesoma tangazo. Alinyoosha kidole akagusa mwanya, akagusa kovu la kidevuni, akahesabu mikunjo ya shingo. Antipasi alikuwa amerudi kutazama viatu vyake.

"Huyu ni mimi kabla ninyi hamjazaliwa," hatimaye akasema. "Nilidhani ameshakufa."

Fredrick akalikunja lile shuka.

"Na wewe hujakosea," mama akamwambia mwanawe. "Sebuleni anaingia mtendaji, anaingia mchungaji, wanaingia watu wa kuposa. Pale nataka mtu wa kuogopwa. Baba Gaspari atanichorea mwingine, amekaza uso, akae pale na baba yenu wakodoleane. Huyu naondoka naye."

Akaibeba picha mwenyewe, ingawa ilimzidi upana, akaingia nayo chumbani kwake, akafunga mlango. Kwaya, ambayo haikujua la kufanya, ikaanza wimbo.

Antipasi alikuwa na furaha mpaka akakumbuka jambo. Akamtafuta Mjomba Leonidas, akamkuta karibu na sufuria. "Mjomba, chumbani kwa mama mkwe, mkwe anaweza kuingia? Kwa dakika moja tu, kuitazama?"

Mjomba akamtazama kwa huruma ya kweli. "Mwanangu, yule mbuzi alifungua uso. Mlango wa chumba hata ng'ombe haufungui."

Picha ya pili aliimaliza kabla ya mavuno ya alizeti. Ni picha nzuri; mama amekaza uso, na wageni wanaoingia sebuleni hukaa kwa adabu. Watu wawili wa Kiomboi wameshamwagiza za mama zao, za namna hiyohiyo. Ya kwanza hajaiona tena. Siku walipopeleka hiyo ya pili, Editha aliingia chumbani kumuaga mama yake, akakaa sana, akatoka anajifuta macho na kucheka kwa pamoja. Kwenye basi Antipasi akamuuliza ile ya kwanza imewekwa wapi.

"Mbele ya kitanda. Akiamka anaanza na hiyo."

"Imekaa vizuri? Mwanga unaingia upande gani?"

"Wa dirishani. Imekaa vizuri." Editha akafikiri. "Imepinda kidogo tu, upande wa kushoto."

"Kwa nini hukuinyoosha?"

"Mama amekataa isiguswe."

Antipasi akatazama nje. Mikono yake, aliyokuwa ameiweka mapajani, ilikuwa inasogeza fremu kidogo kulia, kidogo tena, mpaka wakafika njia panda ya Misigiri.