Koo la Earlene na Wimbo wa Ngazini

Saa nne asubuhi, Jumamosi, Earlene Tibbs alikuwa akimnyoosha nywele mke wa mchungaji kwa kitana cha moto, katika saluni yake mjini Newark. Alikuwa anasema "inamisha kichwa" na alipofika katikati ya neno, sauti ikatoweka kooni. Akarudisha kitana kwenye jiko dogo la kukipashia moto, akasimama akingoja.

"Umeshachukuliwa?" mke wa mchungaji aliuliza bila kugeuka.

Earlene akamgusa bega, maana yake ndiyo.

"Haya, bibie. Mimi sina haraka, labda wewe."

Dakika mbili na nusu zikapita. Sauti ikarudi. "—misha kichwa," Earlene akamalizia.

Ndivyo ilivyokuwa kila wimbo wa "Ningoje Ngazini" ulipopigwa popote pale mtaani, tangu mwaka 1962. Mwaka huo Earlene alikuwa na miaka kumi na sita, akiimba na wenzake wawili kwenye vyoo vya shule kwa sababu vigae vilizirudisha sauti vizuri. Mwenye studio mmoja aliwasikia. Kundi lake maarufu, Delvinas, lilikuwa safarini, naye alitaka wimbo kabla ya Ijumaa. Earlene akaongoza, wenzake wakaitikia. Santuri ilipotoka, jina lilikuwa la Delvinas na picha ilikuwa ya Delvinas.

Mama yake, Bi Odessa, aliyekwisha kuambiwa na Earlene kwamba ndiye aliyeuimba, aliitazama ile picha mbele na nyuma. "Wewe uko wapi hapa?" akauliza. Jumapili akamsimamisha mbele ya kanisa zima atubu uongo. Earlene akasema, "Sikuimba mimi." Koo likamsikia, na kuanzia siku hiyo likatii.

Wengine wakaja kuuimba. Vijana wanne Waingereza waliukimbiza, wakamnyamazisha dakika mbili tu. Wateja waliwapenda kwa hilo. Mwitaliano mmoja aliuimba kwa kulia hadi dakika tano, na mteja akaungua sikio kwa kukosa wa kumwambia atulie. Tangazo la sabuni lilimkata sekunde ishirini, kama kwikwi. Kila jalada liliwashukuru Delvinas. Inauma, hata kwa anayesimulia tu.

Mwaka 1989 mtangazaji wa redio, Cleophus Rudd, akapata fununu ya nani aliyeuimba hasa, akamwalika studio. Earlene hakutaka umaarufu. Umri huo miguu ndiyo huomba kiti. Alitaka mama yake, aliyekuwa na miaka themanini na minne na moyo uliokwishachoka, asife akimwita mwongo. Akamwekea redio karibu na kitanda, akaiwasha mwenyewe.

"Usiupige nikiwa naongea," alimwambia Rudd. "Naomba hilo tu."

"Ondoa shaka, dada'angu. Nitauweka chini kabisa, hata panya hatausikia."

"Hata chini usiuweke."

"Sasa watu watajuaje tunazungumzia wimbo gani?" Rudd akacheka. Miaka ishirini kazini, hakuwahi kuacha mtu aongee juu ya kimya kitupu.

Taa nyekundu ikawaka. "Mabibi na mabwana, leo mtamjua aliyeuimba hasa," alisema Rudd, na kidole chake, kwa mazoea, kikashusha sindano kwenye santuri. "Dada Earlene, ni nani?"

Earlene akafungua mdomo. Msichana wa miaka kumi na sita akaimba, chini kabisa, kutoka kwenye santuri. Rudd alingoja kidogo, kisha akawaambia wasikilizaji kwamba mgeni amezidiwa, akaongeza sauti ya wimbo. Ulipokwisha, muda wa matangazo ya biashara ulikuwa umefika.

Earlene alirudi nyumbani kwa basi. Bi Odessa alikuwa ameketi kitandani, kitambaa cha kichwa kimefunguliwa, akisubiri kusukwa.

"Nimetega sikio mpaka limechoka," mama alisema. "Hukusema neno."

"Mama, walipiga..."

"Wale wasichana waliimba, nimewasikia. Mtu husikia vizuri akishakuwa hana la kufanya. Yule anayeongoza, Earlene, yule mtoto alilelewa. Mama yake lazima anaona fahari."

Earlene alivuta pumzi aseme. Ng'ambo ya ukuta jirani akaongeza sauti ya redio. Wasikilizaji walikuwa wameomba wimbo urudiwe.

Basi akachukua kitana, akaketi nyuma ya mama yake. Bi Odessa akainamisha kichwa kabla ya kuambiwa.