Kuku wa Koko

Aziza aliingia kwa mama yake akiwa hoi, miguu imevimba kwa kusimama sokoni tangu asubuhi, unga wa muhogo anaouza umemganda mpaka kwenye nyusi. Alijitupa mkekani. Binti yake, Zulfa, alikuwa amekaa mbele ya sahani ya kuku, hajagusa kitu.

Mume wa Aziza, Abedi, alikuwa mji wa Ariwara kwenye biashara, na kila jioni alipiga simu kuuliza lilelile: mtoto anaswali? Kuuliza ni rahisi ukiwa mbali. Aziza, aliyebatizwa Micheline na kusilimu siku chache kabla ya ndoa, ndiye aliyeachiwa kumfundisha mtoto dini ambayo yeye mwenyewe aliijua nusunusu. Alikuwa amechoka, na zaidi ya kuchoka aliogopa: Zulfa akipotea, lawama zote ni zake.

Alimega bugali, akachovya, akatafuna kipande cha paja.

"Mama," Zulfa akanong'ona, "nani alichinja?"

Aziza akaacha kutafuna. Mama yake, Véronique, Mkatoliki asiyekosa misa, alikuwa papo hapo akichochea moto.

"Kula tu," Aziza alisema. "Siko na nguvu ya maneno leo."

"Weye ndiyo ulinifundisha niulize."

Ni kweli, alimfundisha. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuuliza katika nyumba hii, kwa kuogopa kumuudhi mama yake, na siku nyingine kwa njaa tu. Aliona aibu mbele ya mtoto. Akasukuma sahani pembeni, akasubiri mama yake akasirike.

Véronique aliweka mwiko chini. "Ni muzee Sefu, ule wa karibu na musikiti. Kila mara munakuja, ninamupelekea kuku. Tangu uliolewa." Akajifuta jasho. "Magoti inaniuma, lakini ninaenda. Weye haukuniulizaka hata siku moja. Nilifikiri unajua."

Miaka yote Aziza alidhani mzigo ule anaubeba peke yake. Machozi yalimlengalenga, akayaacha.

"Aksanti, Koko," Zulfa alimwambia bibi yake. Akavuta sahani, akasema bismillahi kwa sauti. Bibi alingoja amalize kwanza, ndipo akamega tonge lake.

Zulfa akamgeukia Aziza. "Na weye, mama, haukusema. Ukisahau mwanzo, unasema katikati."

Kwa mara ya kwanza katika nyumba ya mama yake, Aziza akasema bismillahi kwa sauti.