Akaunti Iliyoitwa Wifi

"Waifai," alisoma mkaguzi, kidole chake kikiwa kwenye mstari wa kumi na saba wa orodha ya wenye mamlaka kwenye seva yetu. "Hii ya mtandao, bila shaka." Akaiwekea tiki. Nikamfunulia ukurasa uliofuata.

Haikuwa ya mtandao. Miaka miwili kabla, siku ya kutolewa matokeo, nilikuwa wodini nasubiri kujifungua, na chuo kizima cha afya hakikuwa na msimamizi mwingine wa seva. Dada wa mume wangu, karani wa mitihani, alinipigia simu roho juu: matokeo hayafunguki, wanafunzi wamejaa nje. Kati ya uchungu mmoja na mwingine nikamfungulia akaunti kwa simu, nikaipa mamlaka yote, na jina la kwanza lililonijia: wifi. Kesho nitaifuta, nilijiambia. Ukiwa na mtoto mchanga, hiyo kesho huipati.

Mkaguzi alipoondoka nikatazama kumbukumbu za seva. Wifi aliingia tena mara moja tu, akabadilisha alama moja: ya mdogo wao wa mwisho, shemeji yangu, aliyefeli somo la vipimo vya dawa. Hadi naligundua hilo, alikuwa ameshahitimu, anagawa dawa zahanati ya mtaani kwetu.

Nilimfuata wifi jikoni kwake. Mwanangu alikuwa amelala mgongoni mwake. Hakukana.

"Jina ni langu, wifi," alisema taratibu. "Aliyeliandika ni wewe."

Nikafyata mkia. Ningesema, tungepoteza kazi watu watatu, na mume wangu asingenisamehe. Nikaitia saini orodha ile mwaka huo, na uliofuata, na uliofuata tena. Mwanangu akiugua, shemeji alileta dawa mwenyewe, kwa upendo kabisa, nami nilijifungia bafuni kusoma karatasi ya maelezo na kupima upya kila kijiko. Watoto wa wengine sikujua nani aliwapimia.

Mwaka wa nne alikuja mkaguzi mwanamke, miwani imening'inia kifuani. Kwenye mstari wa kumi na saba akasita.

"Wifi," alisoma, kama tunavyolitamka nyumbani. Akainua macho. "Huyu ni wifi yake nani?"

Nilikuwa nimechoka mpaka mifupa.

"Tuko wawili," nikasema, nikamvutia kiti.