Pointi za Stasia na Gari la Maua

Zygmunt Wrobel hakujua kula samaki wa Ijumaa bila kuwasema wakubwa. Kwaresima nzima, ukumbi wa chini wa kanisa la Mtakatifu Hedwiga ukinuka mafuta na kabichi, alikaa mwisho wa meza ndefu, kofia kichwani, akimpa kila mmoja haki yake: gavana, askofu, wenye mabenki, na zaidi ya wote Kampuni. Jina la Kampuni halikutoka kinywani mwake. Alikuwa amewapigia mabati ya milango ya magari ujana wake wote, hadi siku walipotia mnyororo langoni na kuhamisha mashine. Siku hiyo aliapa mbele ya mkewe kwamba hatapanda tena gari lao wala hatawapa hata ndururu. Kisha akaenda kununua pikapu ya Kijapani, makusudi, iwaume.

Haikuwauma. Iliyemuuma ni yeye, maana kila alipoiegesha kwenye uwanja wa chama cha wafanyakazi, ambako wazee wote hucheza karata Ijumaa baada ya samaki, Earl Tibbets mlinda uwanja aliita lori la kuvuta magari. Bango pale limeandikwa waziwazi: gari la kigeni likiegeshwa, litavutwa. Pikapu ilivutwa mara nyingi, mpaka Zyg akaacha kwenda karata. Tangu mkewe Stasia afariki, mwaka juzi, alikuwa akila samaki, akitukana, kisha akirudi kukaa na televisheni.

Ijumaa hiyo alikuwa na tusi jipya.

"Sikieni haya," alisema, akipiga meza kwa uma. "Mashine imenipigia simu nyumbani. Mashine! Sauti ya msichana, kumbe chuma. Eti pointi za marehemu mke wangu zitakufa Pasaka."

"Pointi gani, shemeji?" aliuliza Leona Pietrzak, akipita na sinia la viazi. Leona ndiye mkuu wa jiko la parokia. Alikuwa shoga wa Stasia tangu wakiwa wasichana, na mikono yake ilinuka kitunguu hata Jumapili.

"Za ile kadi ya benki ya Kampuni. Stasia alinunulia kila kitu: unga, mishumaa, dawa ya mgongo wangu. Kila akilipa, wanamwekea pointi. Sasa mimi ndiye mrithi. Nimerithi punda aliyekwisha nipiga teke! Mkate hazinunui, pesa hazigeuki. Kazi yake moja tu, kupunguza bei ya gari jipya. Gari lao wao! Na lazima liwe kwa jina langu mimi. Niwape mgongo wanipande tena?"

Leona aliweka sinia chini.

"Ni nyingi?"

"Mwanamke yule alikuwa ananunua hata stempu kwa kadi. Ni karibu nusu ya gari."

"Na wewe umekaa hapa unatafuna."

"Ulitaka nifanye nini, nizikaange?"

Watu walicheka, ila Leona hakucheka. Alivuta kiti akaketi, jambo ambalo halifanyi kamwe Ijumaa.

"Zygmunt. Lile gari letu la parokia limekufa Jumanne. Limekufa kabisa, fundi amevua kofia. Unajua lilikuwa linafanya nini?"

Alijua. Kila mtu alijua. Lilipeleka sahani za samaki kwa wale wasioweza kutoka nyumbani, na wenye nguvu kidogo likawachukua kuwaleta ukumbini na kuwapeleka karata. Bi Halina wa Mtaa wa Tano hakuwa ameona uso wa mtu tangu theluji ya kwanza, ila uso wa anayeleta sahani.

"Askofu mmemwambia?" aliuliza Zyg.

"Amesema atatuombea."

"Si niliwaambia mimi!"

"Umetuambia, shemeji, miaka yote unatuambia. Leo watu kumi na wawili wamekosa samaki. Ijumaa ijayo watakosa tena. Wewe una nusu ya gari mfukoni, unaiacha ioze kwa sababu ya kiapo."

"Nilikula kiapo mbele ya Stasia."

"Na Stasia akafanya nini? Akaenda zake dukani, akatoa kadi, akaendelea kukusanya. Umeishi naye miaka yote hiyo, hukuelewa alikuwa anakujibu?"

Zyg alisukuma sahani. Kwa mara ya kwanza Kwaresima hiyo aliondoka kabla ya kumaliza samaki.

Hakulala vizuri. Asubuhi alimkuta Leona amesimama barazani kwake, amevaa koti la kanisani, mkoba umebanwa kwapani kama kuku wa kuuzwa.

"Jiko lina akiba ya pesa za samaki wa misimu mitatu," alisema. "Pointi zako zikiingia, tunamalizia sisi. Hutoi hata hiyo ndururu yako."

"Sitoi?"

"Hutoi. Utatia sahihi tu. Na utaendesha, maana ni gari lako."

"Kumbe sahihi ina mkia!"

"Ingia ndani uvae viatu."

Yadi ya magari ilikuwa imepambwa bendera ndogondogo zinazopigwa na upepo. Muuzaji, kijana mnene aitwaye Vandermolen, aliwapokea kwa kahawa na meno yote. Zyg alikataa kahawa. Alikuwa amejiandaa kugombana na alisikitika kumkuta mtu mwenyewe ni mpole.

"Gari la watu wanane, mzee wangu? Hili hapa. Jeupe, safi, viti vina joto."

Zyg hakutazama viti. Alizunguka hadi mbele, akainama kwenye kona ya kioo ambapo pana kibati kidogo cha namba, akaivuta miwani.

"Tatu," alisema.

Leona naye akainama. "Tatu," alikubali, kama aliyeona panya kwenye unga.

Katika mji ule hata mtoto wa darasa la kwanza anasoma kibati. Namba ikianza na moja, gari limeundwa hapa Marekani. Ikianza na tatu, Meksiko.

"Mashine zangu hizo," alisema Zyg. "Walizichukua wakazipeleka huko, wakawalipa watu wa watu nusu ya tulicholipwa sisi, na sisi wakatuachia mnyororo. Sina ugomvi na aliyelifunga skrubu, maskini, hata yeye wanamnyonya. Lakini Earl Tibbets ataliona hilo kabla sijazima injini. Una moja?"

Vandermolen alijikuna shingo. "Aina hiyo, moja... mzee wangu, ninalo moja tu. Lakini sidhani utalitaka."

"Lina nini?"

"Njoo ujionee."

Aliwapeleka nyuma ya karakana, penye matairi mabovu. Pale lilisimama gari refu la viti vinane, la rangi ya chungwa, chungwa la kuumiza macho, na ubavu mzima umechorwa maua ya alizeti makubwa kama masinia. Duka la maua liliagiza, alieleza, likafilisika kabla ya kulichukua. Limepitisha baridi mbili hapo. Watu wanakuja, wanacheka, wanapiga picha, wanaondoka. Bosi wake alikuwa ameshusha bei mpaka akaona haya kuiandika kwenye kioo.

Zyg aliinama kwenye kibati. Akakaa ameinama kitambo.

"Moja," alisema.

Leona alikuwa ameziba mdomo kwa mkono wenye kitunguu, mabega yanatikisika. "Mama yangu! Zygmunt, utaonekana mpaka Kanada!"

"Stasia alitaka gari la rangi gani, unakumbuka?"

"La njano. Kila siku alisema, tukilipata liwe la njano, nilione nikitoka dukani."

"Hili si la njano."

"Maua ni ya njano, shemeji. Usibishane na marehemu."

Zyg aliweka kiganja kwenye mlango. Bati lilikuwa baridi. Vidole vyake, vyenyewe bila kuagizwa, vilipita ukingoni, pale ambapo bati hukunjwa, vikitafuta kosa. Havikuliona. Nchini kulikuwa bado na mtu anayejua kazi yake, mahali fulani ambapo hawajatia mnyororo. Alivuta kamasi, akasema ni upepo.

"Lete kalamu," alimwambia kijana. "Na uwaambie wakubwa zako kwamba Zygmunt Wrobel hajawapa kitu. Amechukua."

"Nitawaambia, mzee wangu," alisema Vandermolen, na akasema kwa moyo, maana alikuwa akimaliza msiba wa baridi mbili.

Ijumaa iliyofuata gari la chungwa lilizunguka mitaa yote ya parokia, Leona akishuka kila mlango na sahani, akirudi akipiga kelele, "Twende, twende, samaki wanapoa!" Mtaa wa Tano, Bi Halina alifungua mlango akiwa ameshajifunga kitambaa kichwani. Alitazama alizeti, akaitazama sahani, akaitazama alizeti tena.

"Hiyo sahani nitaila ndani ya hilo," alisema. "Na nakaa mbele."

"Mbele nimekaa mimi," alisema Leona.

"Wewe una miguu, mwanangu. Nenda nyuma."

Leona alienda nyuma.

Walipofika uwanja wa chama walikuwa sita ndani, wote wakinuka samaki, na Bi Halina ameshusha kioo ingawa theluji haijayeyuka barabarani. Earl Tibbets alitoka kibandani, simu ya lori la kuvuta iko mkononi tayari kwa mazoea. Akamwona Zyg nyuma ya usukani. Akaona maua. Simu ikashuka polepole.

"Ndugu Wrobel," alisema, "hii ni nini?"

"Soma."

Earl aliinama kwenye kona ya kioo. Alisoma, akafuta kioo kwa mkono wa koti, akasoma tena.

"Moja," alisema. "Lakini rangi hiyo, ndugu! Chama hakina sheria ya rangi?"

"Kama hakina, nyinyi wakubwa wa chama mnafanya kazi gani?"

"Karibu tena," alisema Earl, akaanza kufungua mnyororo wa uwanja. "Tumekosa mtu wa kutukana kwenye karata. Wenzako wanacheza kimya kama wako ibadani."

"Wape salamu, waambie nakuja," alisema Zyg, naye akapiga honi ndefu bila sababu yoyote. Bi Halina, samaki mdomoni, akamwambia apige tena.

Akapiga tena.