Sahihi ya Mwenye Mita

...na alitia sahihi kwa kalamu ya nani, Jerusha anajiuliza, huku shuka likipita chini ya pasi kubwa ya mvuke, hiyo maneno nimeimaliza, Mama Cheryl, ndivyo Collins alivyosema kwenye simu sasa hivi, kama mtu aliyemaliza kupaka ukuta rangi, nimeondoa malalamiko, kampuni ya stima imenipa kazi ya kusoma mita, naye akakata simu, mtu hapigi kelele katika chumba cha kufulia cha hoteli ya Al Sadd, huku Uarabuni, wenzake kumi wakisikia... miezi minane ameuliza ni nani anayesimamia stima kule nyumbani, maana waliigawa, huyu anaizalisha, yule anaisafirisha kwenye minara, mwingine anaiuza mlangoni kwako, na waya ulipoanguka uani ukamuunguza mtoto wao Cheryl mkono wa kulia, kila mmoja alimwonyesha mwenzake kidole, mpaka akaipata tume inayowasimamia wote, akajaza fomu yao juu ya kitanda chake katika bweni la wafanyakazi Abu Hamour, ikabaki sahihi ya mwenye mita tu, na mwenye mita ni Collins, ingawa aliyeiomba hiyo mita ni Jerusha, alimwachia mumewe jina ili watu wamwone ana nyumba... Hadijah, msimamizi wao, anauliza foronya zimefika wapi, “Jerusha wangu, uko hapa ama umeshafika Kenya?”, wenzake wanacheka, anasema yupo, zimebaki kumi... na tume ilikuwa imeshajibu, ilikuwa imeipangia kampuni siku ya kuhojiwa, Collins aliijua siku hiyo, Jerusha mwenyewe alimsomea barua kwenye simu, neno kwa neno, mlalamikaji awe mwenye mita au mtu aliyedhurika, au mtu aliyedhurika, hapo yeye mwenyewe alipita mbio, ya nini kupatazama wakati ana mume... kona, kunja, kona... basi itapelekwa upya, kwa jina la Cheryl, Pamela, dadake Jerusha, atasimama kama mlezi wa mtoto, na Collins ataketi upande ule mwingine wa meza pamoja na hao waajiri wake, amtazame mtoto wa miaka kumi na miwili akiandika jina lake kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja, zikipanda na kushuka, wala asiharakishwe na mtu, na Jerusha anavuta shuka lingine, analinyoosha, analiingiza chini ya pasi...